Tunalipia Aibu: Hotuba kwa Waswahili Waliofika Singapore Karibuni

Haya ndiyo niliyoyasema Jumapili alasiri mbele ya ndugu zetu waliofika karibuni. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa zamu na wale walioshindwa kufika.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo nyote? Wazee wetu mliotutangulia katika mji huu, shikamooni. Na ninyi mliofika juzijuzi, ambao usingizi haujapatikana mpaka saa tisa za usiku kwa sababu mwili unadhani ni saa nne nyumbani, karibuni sana. Itapita.

Nimeombwa niseme kuhusu pesa ya chakula. Kabla sijasema, naomba niwaulize. Nani hapa jana alikula mlo mmoja wa zaidi ya dola 12 za hapa Singapore? Inueni mikono. Usifiche, dada, sote tumepita hapo. Haya. Sasa swali la pili: kati ya mlioinua mikono, nani anajua kwamba chini ya jengo lake, au ng'ambo ya barabara, kuna chakula cha moto cha dola nne? Mmeona? Mikono ni ile ile.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba chakula cha bei nafuu kipo. Mnajua kipo, mnakipita kila siku. Nataka tuulizane kwa nini tunakipita.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Wenyewe wanasema hawker centre. Mimi nitasema hoka tu. Ni jengo wazi lisilo na kuta, feni juu, meza zimekazwa sakafuni, na mabanda ya kupikia yamejipanga kwa safu. Hoka kubwa kuliko zote, Chinatown Complex, ina mabanda zaidi ya 200. Wakenya, fikirini vibandaski vyote vya mtaa vimewekwa chini ya paa moja. Watanzania, fikirini mama ntilie mia moja, kila mmoja na chakula chake kimoja anachokijua kuliko mtu yeyote, wote wana maji ya bomba, umeme na cheti cha usafi kimebandikwa ukutani. Nchi hii ndogo ina hoka zaidi ya 110. Huwezi kukaa mbali nayo hata ukitaka.

Sasa niwaeleze yangu.

Nilipofika hapa, nikishalipa chumba, nilikuwa nabaki na dola 1,000 za mwezi. Kila ikifika tarehe 26, sina kitu. Mwezi wa kwanza nikasema ni ugeni. Mwezi wa pili nikasema ni vitabu. Mwezi wa tatu mama akapiga simu kutoka Tanga. Hakuomba. Mama yangu haombi. Aliuliza tu, "Mwanangu, huko unakula?" Nikamjibu nakula, mama. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, alhamdulillah." Nikajua amekwisha kuelewa kwamba mwezi huo pia hakuna kitakachokuja.

Usiku ule nikachukua daftari nikaandika siku yangu moja. Asubuhi sili. Mchana, kwenye jumba la maduka, dola 13. Kahawa ya kwenye kiyoyozi, 6.50. Usiku nimechoka, naagiza kwa simu, chakula pamoja na gharama ya kuletewa dola 18. Jumla 37.50. Zidisha kwa siku 30: dola 1,125. Nilikuwa nakula kuliko nilichokuwa nacho. Na nilikuwa sishibi!

Hatua 200 kutoka mlangoni kwangu kulikuwa na hoka. Bei zimeandikwa juu kwa tarakimu kubwa, hata mwenye macho mabovu anazisoma. Kwa nini sikuwa naingia? Ndugu zangu, niliingia. Niliingia mara moja, wiki ya kwanza. Nikapanga foleni. Nikafika mbele. Mzee wa bandani akaniuliza kitu haraka, neno moja au mawili, sikuelewa. Akarudia. Sikuelewa. Nyuma yangu kuna watu saba wa saa ya chakula cha mchana, kila mmoja ana dakika zake. Nikasema samahani, nikatoka kwenye foleni. Nikapanda ngazi za umeme mpaka kwenye jumba la maduka. Kule kuna kioo chenye picha, unagusa, unalipa, hakuna anayekuuliza lolote. Dola 13.

Chakula kile kingekuwa dola nne. Tisa zilizobaki zililipia nini? Zililipia aibu. Miezi mitatu nililipia aibu. Si njaa iliyonifilisi, wala si ughali wa Singapore. Ni kuogopa kuonekana sijui.

Na mimi ni mtoto wa mama ntilie. Mama amepika wali wa nazi na maharage na dagaa karibu na stendi miaka yote ya utoto wangu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye sufuria lile. Nimekuwa nikiona watu wa suti wakilipita banda la mama waende kula mbali kwa bei mara tatu, na nilikuwa nawachukia kwa moyo wa kitoto. Halafu nikafika huku nikawa mmoja wao.

Basi nikajifunza kuagiza. Nitawapa nilichojifunza, mkichukue leo leo, msikae miezi mitatu kama mimi.

Anzeni na asubuhi. Banda la vinywaji. Kahawa wanaiita kopi, chai wanaiita teh. Ukisema kopi tu, utapata yenye maziwa mazito ya kopo na sukari. Ukisema kopi-o, ni ya rangi na sukari. Kopi-c ni ya maziwa ya kopo yasiyo matamu, na sukari yake. Hutaki sukari? Ongeza neno kosong, ni Kimalei, maana yake tupu. Ukitaka sukari kidogo sema siew dai. Ukitaka barafu sema peng, na kwa barafu utalipa senti kadhaa zaidi. Teh halia ni nini? Ni chai ya tangawizi, ndugu zangu, chai ya maziwa ya tangawizi! Simameni siku moja mtazame kopi inavyotengenezwa: chujio refu la kitambaa kama soksi, limekuwa jeusi kwa kazi, mzee analiinua juu na kulishusha, kahawa inashuka kama uzi, hamwagi hata tone. Bei ni karibu dola moja na nusu. Linganisha na 6.50 yangu.

Sasa chakula. Hapa nataka Waswahili wenzangu mnisikilize vizuri, kwa sababu tunaogopa vitu tunavyovijua. Nasi lemak. Jina geni? Nasi ni wali. Ni wali uliopikwa kwa tui la nazi na jani la pandani, jamii ya mkadi wetu wa pwani. Pembeni kuna karanga, tango, yai, pilipili ya kusaga iliyokaangwa, na vidagaa vikavu vya kukaanga. Wali wa nazi na dagaa! Nimesafiri kuvuka bahari nzima nikakikuta chakula cha mama yangu, nikakipita miezi mitatu kwa sababu jina sikulijua. Roti prata ni chapati ya kukunja, inaletwa na mchuzi, na ile tupu ni kama dola moja na senti 40. Murtabak ni mkate wa mayai wa Mombasa, binamu yake kabisa. Satay ni mishkaki midogo. Sup kambing ni supu ya mbuzi. Goreng pisang ni ndizi za kukaanga. Biriani ni biriani, nendeni Tekka kule Little India mkaone.

Hata maneno tumegawana. Meza yetu kwao ni meja, sote tulichukua kwa Wareno. Sabuni yetu kwao ni sabun. Habari zetu kwao ni khabar. Mmalei akikuuliza "Apa khabar?" amekuuliza habari gani. Utaogopaje?

Kuna banda lingine ambalo ndilo lililoniokoa, na huko ndiko watu hupata hasara vilevile. Linaitwa cai fan, wengine hutamka cai png, maana yake wali na mboga. Vyakula zaidi ya kumi na tano vimepangwa kwenye kioo. Huhitaji lugha, unaonyesha kwa kidole. Wali, nyama moja, mboga mbili: kati ya dola tatu na nusu na tano, kutegemea mtaa. Siri iko kwenye kinachohesabiwa. Kila unachokionyesha kina bei yake, na haiandikwi. Mboga na tofu na yai ni rahisi. Samaki na kamba ni ghali, na samaki mzima ni ghali sana. Rafiki yangu mmoja alionyesha kamba, akaonyesha samaki, akaonyesha na kuku, kwa furaha ya kuona vyote vimo. Akaambiwa dola 9.80. Hakuibiwa. Hakuuliza. Uliza kabla kijiko hakijashuka: hiki bei gani? Akishakipakua ni chako.

Waislamu wenzangu, hapo kwenye cai fan kuweni waangalifu, nyingi zina nguruwe. Tafuteni nasi padang, ni mtindo ule ule wa kuonyesha kidole lakini kwenye mabanda ya Kimalei, na tafuteni cheti cha MUIS, Baraza la Kiislamu la Singapore, kimebandikwa mbele ya banda. Trei na vyombo vya halali vina rafu yake ya kurudishia, msichanganye. Geylang Serai, mtaa wa Wamalei, mtakula mpaka msahau mko ugenini.

Mkiona pakiti ndogo ya tishu imewekwa juu ya meza tupu, msikae. Mtu ameshika nafasi yake, yuko kwenye foleni. Hapa wanaita chope. Mji wenye watu zaidi ya milioni sita, na pakiti ya tishu inaheshimiwa kama hati ya kiwanja.

Nije kwenye pesa inayovuja bila kuonekana, kwa ufupi. Mkiingia mgahawa wa kukaa, mkaona bei imeandikwa 20 na mbele yake alama mbili za kujumlisha, alama hizo si mapambo. Ya kwanza ni asilimia 10 ya huduma. Ya pili ni kodi ya bidhaa na huduma, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 9, na inapigwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa huduma. Ishirini inakuwa 22, halafu 23.98. Tulimuaga mwenzetu mmoja mahali kama hapo, tukiwa watatu, kila mmoja ameshika noti zake mbili za kumi mkononi tayari. Kuna aliyelazimika kukopa mezani. Hokani bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa.

Kufungiwa chakula ukaenda nacho, kwa Kimalei bungkus, mara nyingi kunaongeza senti 20 au 30 za kopo. Beba chombo chako. Maji ya bomba ya nchi hii yananyweka bila kuchemsha, basi beba chupa, usinunue maji. Na msidanganywe na ukumbi wa chakula wa ndani ya majumba ya maduka, unafanana na hoka lakini kiyoyozi kimo ndani ya bei. Hata hoka zenyewe hazilingani: zile zilizojaa watalii katikati ya mji zina bei ya watalii. Nendeni za mitaani, chini ya maghorofa ya makazi, mahali wazee wanapocheza drafti asubuhi.

Najua kuna anayewaza, "Si nipike tu mwenyewe?" Pika, kama unaweza. Lakini tazameni. Singapore inaagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake, kwa hiyo nyanya tatu si za bei ya Kariakoo. Na vyumba vingi tunavyopanga, mwenye nyumba anaandika kabisa: upishi mwepesi tu. Upishi mwepesi ni kuchemsha maji na tambi. Ukikaanga samaki, kesho unatafuta chumba. Mpishi wa mtu mmoja anatupa nusu ya mchicha wake kila wiki. Mimi napika Jumapili tu, maharage na wali, kwa ajili ya roho. Na sitawaficha, hokani chumvi na mafuta ni mengi. Mimi mboga mbili siachi, na mchuzi siumalizi.

Hesabu yangu ya sasa ni hii. Asubuhi prata mbili na chai, 4.30. Mchana wali na mboga, 4.50. Usiku chakula kizuri zaidi, 5.50. Jumla 14.30. Kwa mwezi, dola 429. Kutoka 1,125 mpaka 429, na sasa nakula mara tatu, si mbili. Tofauti ni dola 696. Dola moja ya hapa ni karibu shilingi 2,000 za Tanzania. Fanyeni wenyewe hesabu, halafu mfikirie nyumbani kwenu.

Ndugu zangu, kuna jambo moja nisipolisema nitakuwa nimewadhulumu watu. Unafuu huu una wenyewe.

Hoka hizi hazikuota. Miaka ya 1960 wachuuzi wa mji huu walikuwa barabarani, na mikokoteni, bila maji safi, mabaki yakimwagwa kwenye mitaro na mto. Mwaka 1968 na 1969 serikali ikawaandikisha, wakapatikana kama 18,000. Halafu kuanzia 1971 mpaka 1986 ikajenga hoka, ikawahamishia humo. Sisi tunaotoka Kariakoo na Gikomba tunajua neno kuhamishwa lina uchungu gani. Hapa walihamishwa wakapewa mahali penye bomba, umeme na wateja, karibu na nyumba za watu, na wale wa mwanzo wakawekewa kodi ya pango yenye ruzuku. Ndiyo maana sahani ni dola nne. Hakuna muujiza wowote.

Na watu wa nchi hii wanajua thamani yake. Mwaka 2016 mwongozo wa Michelin, unaopima migahawa bora, ulimpa nyota Chan Hong Meng, mpishi wa kuku wa sosi ya soya pale Chinatown Complex, kwa sahani iliyokuwa ikiuzwa karibu dola mbili. Desemba 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni wa hoka katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini umri wa kati wa wachuuzi ni karibu miaka 60. Vijana hawataki kuamka saa kumi alfajiri. Nani atawalaumu?

Mimi nanunua wali wangu kwa mama mmoja wa Kimalei. Namwita Makcik, kama unavyosema shangazi. Yeye ananiita adik, mdogo wangu. Siku moja mvua imezuia wateja, nikamwambia mama yangu naye anauza wali wa nazi na dagaa. Hakuamini. Nikamwonyesha picha ya mama kwenye simu, sufuria mbele, kanga kiunoni. Akaifuta mikono kwenye aproni yake, akaichukua simu, akaitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Anaamka saa ngapi?" Nikasema saa tisa na nusu usiku. Akatikisa kichwa. Akasema, "Sawa na mimi." Kisha akauliza, "Miguu yake inamuuma?"

Inamuuma, nikamwambia.

Kwa hiyo nawaomba. Msipunguziane bei naye, bei yake imeshapungua kabla hamjafika. Semeni asante. Rudisheni trei. Tangu Septemba 2021 ni sheria, mara ya kwanza ni onyo na ukirudia ni faini ya dola 300, lakini mimi sirudishi kwa sababu ya faini. Anayefuta meza zile mara nyingi ni bibi wa miaka sabini. Ungemwachia bibi yako mifupa mezani?

Nimesema mengi, na nasikia harufu ya vitunguu kutoka ng'ambo, ninyi pia mnaisikia. Hatuli hapa leo. Tunavuka barabara. Kila aliyefika karibuni atashika foleni yake na kuagiza mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi sitamwagizia mtu. Ukikwama, ukiulizwa usielewe, usitoke kwenye foleni. Sema "samahani, mjomba, mara ya kwanza," na uonyeshe kwa kidole. Walio nyuma yako watasubiri. Makcik yuko banda la tatu kutoka kwenye ngazi, mwambieni mmetumwa na adik. Meza mbili ndefu karibu na feni ni zetu, nimekwisha kuweka pakiti za tishu.